Nimelipa milioni moja na laki mbili kutangaziwa riwaya, nimeuza nakala 23

SWALI: Mtaalamu, salaam kutoka Mwanga, Kigoma. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimechapisha riwaya yangu ya kwanza, kurasa 184, inahusu wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika. Nilichapa nakala 500 Dar es Salaam kwa Sh 4,200 kila moja, nikazisafirisha zote nyumbani, bei ya kuuzia nikaweka Sh 10,000. Kisha nikalipa Sh 1,200,000 kwa watu wa huduma ya kutangaza vitabu, kifurushi cha siku 90: mabango 30 ya mtandaoni, video 4, SMS 5,000 na ahadi ya "kufikia wasomaji 100,000". Siku zimekwisha, wameniletea ripoti kwamba watu 112,000 wamefikiwa. Nimeuza nakala 23, na 14 kati ya hizo wamenunua watu wanaonifahamu. Nyingine 17 nimegawa. Ndani nina 460. Je, nimetapeliwa? Naweza kudai fedha yangu? Na hizi nakala nizifanyeje?

JIBU: Shikamoo Mwalimu.

Kabla ya neno "tapeli", chukua kalamu tupige hesabu ambayo ilipaswa kupigwa kabla hujatuma hata senti. Nakala moja imekugharimu 4,200 kuchapa. Weka 300 ya kuisafirisha, inakuwa 4,500. Ukimuuzia msomaji mkononi kwa 10,000, unabaki na 5,500. Ukimpa mwenye duka la vitabu anayetaka punguzo la asilimia 35, unapokea 6,500 na kubaki na 2,000. Sasa gawanya ile milioni moja na laki mbili. Kwa mauzo ya mkononi ulihitaji kuuza nakala 219 ili tu kurudisha gharama ya matangazo. Kwa mauzo ya dukani ulihitaji nakala 600, na wewe ulichapa 500.

Kwa hiyo hata kama wale vijana wangekuwa mabingwa wa kazi yao, kifurushi kile hakikuwa na njia nzuri ya kukulipa. Mtu anayeuza huduma hiyo kwa waandishi anazijua namba hizi, au alipaswa kuzijua, na kunyamaza kwake mbele ya mteja mwenye nakala 500 ndiyo sehemu inayonikera mimi. Kwa toleo la nakala 500 la bei yako, bajeti nzima ya matangazo isizidi Sh 1,000 kwa nakala, yaani laki tano, tena isitoke kwa mkupuo. Unatoa elfu hamsini, unatazama imeleta nini, ndipo unatoa nyingine.

Sasa hiyo ripoti. Mtandaoni, "kufikiwa" maana yake ni kwamba tangazo lilipita kwenye skrini ya akaunti fulani walau mara moja. Mwenye akaunti huenda alikuwa anashusha kidole akitafuta matokeo ya mpira. Kwenye video nako, mtu aliyetazama sekunde 3 huhesabiwa kuwa ameitazama. Namba 112,000 inaweza kuwa ya kweli kabisa na isiwe na msomaji hata mmoja ndani yake. Angalia lakini walivyoandika ahadi: walisema "wasomaji", ripoti inasema "watu". Hiyo tofauti ya neno moja itunze, utaihitaji kwenye barua.

Omba vitu vinne, kwa maandishi. Kwanza, picha ya skrini kutoka kwenye akaunti ya matangazo ya Facebook au Instagram inayoonyesha kiasi kilichotumika, waliofikiwa, waliobonyeza, na mgawanyo wa mikoa. Pili, risiti ambazo mtandao wenyewe humpa mwenye akaunti kila unapomkata fedha. Zina tarehe na namba ya muamala. Hapo ndipo utajua kati ya 1,200,000 yako ni kiasi gani kilikwenda kwenye matangazo na kiasi gani kilibaki mfukoni mwao. Kubakiza si kosa, nao wanafanya kazi, ila kama kilichotangaziwa ni laki moja, una haki ya kujua. Tatu, ripoti ya ufikishaji wa SMS. Mfumo wowote wa kutuma SMS nyingi hutoa faili lenye namba, saa na hali ya kila ujumbe: umefika, unasubiri, umeshindwa. Wanaweza kuficha tarakimu za katikati za namba ili kulinda taarifa za watu, lakini faili lazima liwepo. Wasipokuwa nalo, amini kwamba SMS hazikutumwa. Nne, orodha ya waliouliza bei au walioandika "nahitaji".

Hiyo ya nne ina thamani kuliko fedha utakayorudishiwa, kwa hiyo usiisubiri. Keti leo na mjukuu mwenye simu nzuri, fungueni kila bango na kila video, msome maoni yote ya chini. Kwa kawaida mtakuta watu wameuliza "bei gani?", "napataje nikiwa Morogoro?", "mpo Dar?", na aliyejibiwa akajibiwa "njoo inbox". Kila mmoja wa hao alikuwa ameshanyoosha mkono. Mjibu hata kama ni miezi miwili imepita: bei, namna ya kulipa, namna ya kupokea. Na kama ukurasa wa kitabu waliufungua wao, wakufanye msimamizi mwenye mamlaka kamili, kisha wewe ndiye uwaondoe.

Tukirudi kwenye tangazo lenyewe, yapo mambo mawili yaliyoliua.

La kwanza ni jiografia. Kitabu kilichapwa Dar es Salaam, kikapandishwa kilomita kama 1,250 hadi Kigoma, halafu kikatangazwa mtandaoni, ambako sehemu kubwa ya waliolengwa huenda ni watu wa Dar. Chukua mama aliyeko Tabata. Ameliona bango saa nne usiku, amevutiwa. Apige simu kesho, atume 10,000 kwa mtu asiyemfahamu, aongeze nauli ya kifurushi cha basi, asubiri siku mbili tatu, aende kituo cha mabasi kukichukua. Kitabu cha elfu kumi kimemfikisha elfu kumi na tano, pamoja na kumpotezea nusu siku ya kazi. Atasema "nitachukua mwisho wa mwezi", na huyo humpati tena. Dawa yake ni rahisi: nakala 40 ziwe Dar kwa ndugu au kijana mwaminifu anayejua kumkabidhi bodaboda mzigo. Riwaya yako, kwa kurasa 184 za saizi ya A5 na karatasi ya gramu 80, ina uzito wa gramu 250 hivi, nne kwa kilo. Arobaini ni kilo kumi, boksi moja la basi. Inauma kurudisha Dar kilichotoka Dar, lakini ndiko tangazo lilikopigwa. Toleo la pili, nakala 100 zibaki huko huko kiwandani zilikotoka.

La pili ni maneno. Matangazo ya vifurushi kama hivi huandikwa kwa mtindo mmoja: "KITABU KIPYA! Riwaya ya kusisimua itakayokunyima usingizi! Wahi nakala yako SASA!" Chini ya hapo namba ya simu. Jalada limepunguzwa mpaka jina la kitabu halisomeki kwenye simu ya inchi sita. Futa jina la kitabu hapo, weka la kitabu kingine chochote, tangazo litabaki lile lile. Hakuna bei, hakuna mahali, hakuna ziwa. Wewe una wavuvi, una usiku, una karabai zinazowaka juu ya maji, na hakuna hata kimoja kilichoingia. Jaribu hivi:

"Mitumbwi saba inatoka Kibirizi usiku wa giza. Alfajiri inarudi sita. Riwaya, kurasa 184, Sh 10,000. Kigoma: duka fulani, Mwanga sokoni. Dar: unaletewa ulipo. WhatsApp andika neno DAGAA."

Hilo neno DAGAA lina kazi. Kila njia ya matangazo ipe neno lake: Facebook DAGAA, redio KARABAI, karatasi za dukani MTUMBWI. Mtu akikuandikia, unajua ametoka wapi, unaweka alama kwenye daftari. Baada ya wiki nne daftari litakuambia njia ipi uiongezee fedha na ipi uiache, na hutamhitaji mtu wa ripoti. Kwenye tangazo la mtandao weka kiungo cha WhatsApp badala ya namba tupu: wa.me, alama ya mkwaju (/), halafu 255 na namba yako bila ile sifuri ya mwanzo. Akibonyeza anaingia moja kwa moja kwenye maongezi na wewe.

Na ukija kutuma SMS mwenyewe, hesabu herufi. Ujumbe mmoja ni herufi 160 pamoja na nafasi. Ukizidisha, unakatwa vipande vya herufi 153 na unalipia kila kipande. Ukichomeka kikatuni (emoji) kimoja cha moto au cha kitabu, nafasi inashuka hadi herufi 70, na ujumbe uliodhani ni mmoja unakuwa mitatu. SMS 5,000 za kifurushi huweza kuisha kwa watu 1,700 kwa sababu ya kikatuni tu.

Kuhusu kudai fedha. Kusanya mkataba kama upo, kama haupo basi maongezi yote ya WhatsApp, lile tangazo la kifurushi walilokutumia, na ujumbe wa muamala wa simu. Usifute, usikate vipande. Hamisha maongezi yote yawe faili moja. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ujumbe wa simu unapokelewa kama ushahidi. Andika jedwali la safu mbili: kilichoahidiwa, kilichofanyika. Mabango 30, yaliyotoka mangapi? Video 4, zilizotoka ngapi? Usiandike "kitabu hakikuuzika", kwa sababu hawakuahidi kuuza, na ukianza na hilo watakujibu kwa sentensi moja na barua yako itaishia hapo. Dai kilichoahidiwa na hakikutolewa. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73, humfidia aliyevunjiwa mkataba kwa hasara iliyotokana na kuvunjwa kwake. Haimfidii mtu kwa matumaini. Wape siku 14 na utaje kiasi. Kama SMS hazikutumwa na video mbili hazikutengenezwa, omba bei ya hivyo viwili, hata wakikurudishia laki tatu au nne umefanya vizuri.

Wakigoma, deni dogo la mkataba kama hili linaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Ila kwa kawaida utalifungua anakoishi au anakofanyia kazi unayemdai, au mkataba ulipofanyika, na kama ni Dar, piga hesabu ya nauli, malazi na kuahirishwa mara tatu kabla hujapanda treni. Kwa laki nne, mimi nisingekushauri. Mambo hubadilika ikiwa wamekutumia picha za skrini za kughushi, kwa mfano tarehe za matangazo zilizo kabla hujalipa. Hapo ndipo lile neno lako la mwanzo, utapeli, linapata miguu, na mahali pake ni polisi. Bila hilo, ulichonunua ni huduma hafifu kwa bei kubwa.

Sasa nakala 460. Umeshatoa 2,100,000 ya uchapaji, 150,000 ya usafiri na 1,200,000 ya matangazo, umepokea 230,000. Pengo ni 3,220,000. Ukiuza nusu mkononi kwa 10,000 na nusu kwenye maduka ya mtaani kwa punguzo la asilimia 20, wastani wako ni 9,000 kwa nakala. Nakala 358 zinaziba pengo lote, hata lile shimo la matangazo. Inawezekana, kwa mwaka mmoja hivi wa kazi ya miguu.

Steshenari za Mwanga, Ujiji na Kasulu zipe kwa mali kauli, tano tano. Watu hupenda kumwachia mwenye duka hamsini ili waonekane wana kitabu kikubwa. Matokeo yake zinapigwa jua dirishani, jalada linafifia, na siku ya hesabu zimebaki arobaini na tatu zisizouzika. Tano zikiisha, mwenye duka anakupigia mwenyewe. Tumia daftari la kaboni: tarehe, idadi, bei, asilimia yake, siku ya hesabu, sahihi mbili. Nakala moja kwake, moja kwako. Siku ya hesabu iwe ndani ya siku 30, na uende kweli hata kama hujapigiwa, kwa sababu fedha ya mali kauli ikikaa miezi mitatu dukani huwa imeshageuka kalamu na madaftari.

Wasomaji wako wa kwanza wamo ndani ya kitabu. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazivuti samaki vizuri, mitumbwi mingi hupumzika na watu wako nchi kavu. Hizo ndizo siku za kwenda mwaloni Kibirizi, na si kwa wavuvi peke yao. Wachuuzi wa dagaa, mafundi wa injini na makarani wa mialo ndio hushika fedha kwa utulivu zaidi. Nenda na nakala kumi, soma ukurasa mmoja kwa sauti, ule wenye ziwa. Ukikosea jina la wavu au la upepo watakusahihisha hapo hapo, na masahihisho hayo yaandike kwa ajili ya toleo la pili.

Siku ya treni usiisahau. Abiria wa Kigoma kwenda Dar ana zaidi ya siku nzima mbele yake, na simu itaishiwa chaji kabla ya Tabora. Muone mkuu wa stesheni kwanza uombe ruhusa, kisha simama karibu na wauza maji na ndizi saa moja kabla ya kuondoka. Uwe na chenji. Kitabu cha elfu kumi, noti moja, kinauzwa haraka kuliko cha elfu tisa na mia tano, kwa sababu hiyo hiyo ya chenji.

Redio za mkoani zinakufaa kuliko video zote nne. Omba dakika kumi ndani ya kipindi kilichopo, usinunue kipindi chako, na uulize saa: jioni watu wakitengeneza nyavu ni bora kuliko saa nne asubuhi. Soma, ukomee pabaya, taja bei na duka mara tatu.

Shuleni ingia kwa tahadhari. Kitabu cha kiada au ziada kinahitaji ithibati ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na riwaya yako bila hiyo usiinadi kwa mkuu wa shule kama kitabu cha somo. Kuwauzia walimu wenzako ni jambo jingine. Mshahara ukitoka, omba dakika tano za chumba cha walimu. Na hakikisha nyuma ya jalada pana ISBN, ile namba itolewayo na Bodi ya Huduma za Maktaba, maana maduka makubwa ya vitabu ya Dar huitafuta kabla ya kuuliza hadithi inahusu nini.

Jingine la kukutahadharisha: jina lako sasa limo mtandaoni kama mwandishi aliyelipa. Zitakuja barua pepe za Kiingereza kizuri, zikikisifia kitabu kwa maneno yanayoonekana yametoka kwa mtu aliyekisoma, zikikuomba dola mia moja au mia tatu uingizwe kwenye klabu ya wasomaji ya Uingereza au Marekani. Kitabu chako ni cha Kiswahili na kiko kwenye maboksi Mwanga. Hao wamekisomea wapi? Wapo pia wauzaji wa maoni ya nyota tano. Amazon inakataza maoni ya kununuliwa na huyafuta.

Ukiamua tena kumlipa mtu wa matangazo, lipa kwa awamu tatu, ya mwisho baada ya ripoti. Akaunti ya matangazo iwe yako, yeye umpe ruhusa ya kuifanyia kazi. Akuunganishe na waandishi wawili wa Kiswahili aliowahudumia, nawe usiwaulize kama waliridhika. Waulize waliuza ngapi.

Maboksi yaliyobaki yainue sentimita 15 kutoka sakafuni, juu ya mbao, na yaachane na ukuta kiganja kizima. Unyevu wa ziwa hukunja majalada, na mchwa huanzia boksi la chini nyuma, lile usiloliona. Lifungue kila Jumamosi.